Daraja ya Kalo Inangoja Leta

Lwatu, 14 Novemba 2023

Georgette, mudogo wangu wa mwisho,

Hii barua naandika na mukono yangu mwenyewe. Sikuomba mwalimu, sikuomba muntu. Nilisoma miaka tatu tu, lakini miaka tatu ya wakati ile inapita diplome ya hawa batoto ya sasa. Unaweza kuonyesha bantu ya Baraka.

Sisi tuko bazima. Félicité, wifi yako, anakusalimia. Mvua njo haiko na adabu.

Habari kubwa ni hii: daraja yetu ya Kalo ilienda. Siku ya kumi, asubuhi, muto ilikuja na muti muzima, pamoja na mizizi yake, ikapiga daraja katikati. Byuma bibili njo binabakia, mbao yote ilishuka ku ziwa. Saa hii ukitaka kuvuka unavua kiatu, unapandisha nguo, maji inakufika ku kiuno. Na kama mvua ilinyesha kule mulimani, unakaa upande wako. Mashamba iko ngambo, sentre ya afya iko ngambo, na sisi tuko huku tunaangalia.

Sasa sikia mambo yangu. Siku ile ile nilivaa kofia ya kazi, nikashuka Mboko na miguu, nikapanda moto, ile pikipiki ya Dieumerci, mpaka Fizi, ku biro ya serikali. Mi siko muntu bule bule. Mi ni kantonye wa Leta, serikali yenyewe njo ilinipa kazi ya barabara. Miaka makumi ine na moja nachunga hii barabara, nafungua mifereji, nafyeka majani, na hata Leta iliponisahau mi sikuisahau.

Ku biro kijana moja wa miwani alinipokea vizuri, akaandika jina yangu, akasema: «Muzee Casimir, musiguse kintu. Kwanza constat. Bantu ya Leta bakuje baone na macho yao kama daraja imevunjika. Mukitengeneza mbele ya bao kuona, dosie imekufa.»

Unaelewa? Ni lazima daraja ibakie imevunjika vile vile mpaka bafike. Na mi njo naichunga. Niliweka bendera nyekundu, nakaa pale na panga yangu tangu asubuhi.

Nilisikia kama bamama ya kanisa yako ya Baprotesta banapasua mbao ya daraja ya Kalo. Asante mingi. Batengeneze viti ya kanisa. Daraja ni ya Leta.

Ni mi yaya yako,
Casimir Wilondja, Kantonye


Baraka, 21 Novemba 2023

Yaya Casimir,

Barua yako ilifika na harufu ya ndagala, ju Dieumerci aliiweka ku kifuko moja na samaki. Niliionyesha bantu ya Baraka kama ulivyosema. Bamama banauliza kama kantonye anachungaka barabara ama anachungaka shimo.

Sasa sikia, na usikasirike mbele ya kumaliza kusoma. Mbao iko tayari, makumi sita na ine. Kila jamaa ya kanisa ilileta moja. Bengine balitoa mulango ya jiko. Mama Marie, yule mujane wa karibu na soko, alileta ubao ya kitanda ya bwana yake marehemu, na alikuja nayo ku kichwa yeye mwenyewe, akakatala kusaidiwa. Pasta wetu alizungumza na padri wa Mboko, na unajua hawa babili hata kusalimiana ku matanga ilikuwa kazi. Padri atatoa misumari na gari. Bakimbizi ya Burundi benye kulima ngambo ya Kalo batabeba mawe. Kila kintu iko, inangoja muntu moja tu: wewe.

Vainqueur, mukubwa wa bavijana, alifika kwako juma iliyopita kupima. Anasema ulimufukuza na panga. Nikamuambia: «Yaya yangu hana nguvu ya kukata hata mboga ya lenga-lenga.» Akanijibu: «Mama, sikungoja kuona.»

Tena neno moja. Félicité kila jumanne anavuka Kalo kwenda sentre, juu ya kidonda ya muguu. Ugonjwa ya sukari haingoje constat. Sasa anavuka namna gani? Na ile sentre, yaya, ni ya nani? Ni ya bapadri. Dawa ya kanisa unaikubali, ubao ya kanisa unaikatala. Nielezee kama muntu mwenye miaka tatu ya masomo.

Mudogo wako,
Georgette


Lwatu, 2 Desemba 2023

Georgette,

Unaniandikia kama uko mbele ya bamama yako na micro ya kusemea ku mukono. Haya, nakuelezea, na ubasomee.

Wakati mi nilikuwa mutoto, nyumba ya masomo ya Lwatu ilijengwa na nani? Bapadri. Leta ikasema: vizuri, Lwatu iko na masomo. Ikaenda. Sentre ya afya ikajengwa na nani? Bapadri. Leta ikasema: vizuri, bako na dawa. Ikaenda. Maji ya bomba, ni ninyi Baprotesta. Leta ikasema: vizuri, habako na kiu. Kila kintu kanisa inafanya, Leta inafuta ku karatasi yake. Imebakia daraja tu. Daraja njo kintu ya mwisho Leta iko nayo hapa kwetu. Mukiijenga ninyi, Lwatu haiko tena Congo, iko parokia.

Na kanisa ikichoka? Ikigombana? Kanisa yenu ilikuwa moja, saa hii muko ine, kila moja na ngoma yake. Na daraja mutaikata mara ine?

Pasta akikosa, nitamushitaki wapi? Ku mbingu? Leta ikikosa, niko na biro, niko na muhuri, niko na muntu wa kukalia mbele ya meza yake mpaka achoke na sura yangu.

Ile daraja Leta njo iliijenga, mwaka ya 1982, mi nilikuwa pale. Administrateur mwenyewe, mukubwa wa serikali ya Fizi, alikata kamba ya ufunguzi, akanipa mukono mbele ya bantu mia tano. Mia tano! Bapadri balikuja kubariki tu, bakakula mbuzi, bakaenda.

Jana Gordien alikuja, yule Murundi mwenye shamba ya muhogo ngambo. Alikuja na benzake, kila muntu na jiwe ku kichwa.

«Muzee, utuache tujenge.»

«Mungoje Leta.»

«Muzee, sisi bakimbizi hatuko na Leta hata moja. Tungoje ya nani?»

«Mungoje yangu. Ni kubwa, inatosha sisi bote.»

Alicheka, akatua jiwe yake. Bote bakatua. Niliyapanga mawe pembeni ya barabara, vizuri sana, kuliko bao bangeweza. Sikuyatupa, ju jiwe haina kanisa.

Félicité iko muzima. Anavuka. Usiulize anavuka namna gani. Mi njo bwana yake.

Casimir Wilondja, Kantonye


Baraka, 13 Desemba 2023

Yaya,

Jana jioni Dieumerci alisimamisha moto yake ku mulango yangu, hata hakuzima. Anasema muganga wa sentre alimuuliza Félicité iko wapi. Jumanne mbili haonekane. Na wewe unaniandikia «anavuka».

Kisha ya barua yako nilifanya kintu ingine. Nilienda Fizi mi mwenyewe. Nilikaa ku biro tangu saa mbili mpaka saa nane. Kijana wako wa miwani haiko tena, balimupeleka kazi pahali pengine. Nilikuta mama moja wa adabu, akatafuta dosie ya Kalo na mi, karatasi kwa karatasi. Barua yako iko, yaya, na muhuri. Chini yake muntu aliandika na kalamu nyekundu: «Daraja ya misioni. Haituangalie, si kazi yetu.»

Nikasema hapana, yaya yangu anasema ni ya Leta. Yule mama akafungua kitabu ya zamani, kurasa yake inavunjika kama mukate mukavu. Akanionyesha: 1982, byuma na simenti: misioni katolika; kazi ya mukono ya Leta: kantonye moja.

Unajua nilikumbuka nini pale? Nilikuwa mutoto, nilibeba muchanga ku kikombe, na ile kamio yenye kuleta byuma, dereva wake alikuwa padri mwenye ndevu. Miaka yote nilizani nilikumbuka vibaya. Ulisema Leta, Leta, Leta, mpaka nikakatala macho yangu.

Yule mama alisema ataandika dosie upya, kama daraja ya bantu, si ya misioni. Lakini hakuahidi mwezi, hakuahidi hata mwaka. Hakuna constat inakuja, yaya. Unachunga shimo, na bibi yako anaozea upande yako ya shimo.

Niandikie ukweli. Félicité iko namna gani?

Georgette


Lwatu, 16 Desemba 2023

Wifi Georgette,

Naandika upesi, Casimir iko barabarani na bendera yake. Barua yako ya tarehe kumi na tatu niliisoma kwanza, mbele ya yeye kuiona, kisha nikaifunga tena vizuri. Unisamehe. Usimuambie nimekuandikia.

Unauliza nilikuwa navuka namna gani. Alinibeba ku mugongo. Tangu jumanne ya kwanza. Mukono moja anashika fimbo, mukono ingine anainua hii muguu yenye kidonda isiguse maji, na tukifika katikati ya muto anaanza kunihadisia namna Administrateur alimupa mukono. Namuambia: «Casimir, nyamaza, utakunywa maji.» Bantu bakitokea ngambo ananishusha upesi, anajifanya kama tumekutana tu pale. Muzee wa miaka makumi saba na ine, wifi. Hataki baone kantonye anavusha bibi yake kama furushi ya muhogo, na daraja anakatala itengenezwe.

Jumanne tatu tulifika vizuri. Ya ine, tarehe tano, jiwe ilihama chini ya muguu yake. Maji ilituchukua. Gordien njo alitutoa, mi kwanza, kisha yeye. Casimir anaumwa mbavu, akikohoa anashika ukuta. Hataki muganga, ju muganga iko ngambo. Mi, bandeji ililowana, na tarehe kumi na mbili hakuna mwenye nguvu ya kunivusha. Sasa muguu inanuka na vidole bibili binageuka nyeusi.

Usimugombeze sana. Na usimuhurumie, ju akiona huruma ku barua yako atajua nilisema.

Tuma mbao tu.

Félicité


Baraka, 18 Desemba 2023

Yaya Casimir,

Sikuombe tena. Nakujulisha.

Tarehe makumi mbili na moja gari ya padri itatoka Mboko na mbao. Mi mwenyewe nitakaa juu ya mbao. Kama uko na panga, uanze na mudogo wako.

Nilisoma barua yako ya tarehe mbili mara tatu. Juu ya Leta hukukosa, nasema mbele ya Mungu hukukosa. Ni juu ya jumanne njo ulikosa.

Neno ya mwisho. Hatuna muntu anajua kupanga mbao juu ya chuma. Vainqueur anajua gitare. Bavijana ya padri banajua mpira. Kule Lwatu Leta iko na fundi moja tu, na sisi makanisa tunamuomba kwa heshima akuje kutusaidia.

Georgette


Lwatu, 10 Januari 2024

Georgette,

Tangu ulirudi Baraka sikukuandikia, ju mbavu.

Ile kazi uliiona na macho, lakini hukuijua. Siku mbili! Nilikaa ku kiti, kifua kimefungwa kitambaa kama mutoto, na niliongoza bantu makumi saba na mudomo tu. Bakatolika banapiga musumari kama banabisha hodi. Baprotesta baliimba kuliko kubeba. Barundi njo balifanya kazi, na usibaambie nilisema. Yule padri na yule pasta niliwapa ubao moja babebe pamoja, moja mbele, moja nyuma, na balitembea vizuri, ju hakuna aliyeweza kugeuka kwanza.

Félicité bamemukata vidole bibili. Ni tarehe makumi mbili na mbili, siku tulipomaliza, njo balimuvusha. Muganga aliniambia mbele yake: «Muzee, angekuja juma moja mbele, ingekuwa bandeji tu.» Nilivua kofia.

Anatembea kidogo kidogo. Hajanigombeza. Ni bora angenigombeza.

Najua alikuandikia. Nilikuta kalamu yangu pahali siiwekake. Niliirudisha ku mufuko.

Juu ya 1982. Byuma ilikuwa ya bapadri. Simenti pia. Leta ilileta kamba ya kukata, na mi. Nilikuwa kijana, nikapewa kofia, nikaambiwa: wewe ni Leta huku Lwatu. Basi nilibeba mawe, nilichimba, nilipanga, mikono yangu ilitoka damu, na nikasema Leta imejenga. Nilidanganya wapi? Mi njo nilikuwa Leta, na nilijenga. Sasa uko na hii neno, usiipeleke ku micro.

Kuwa na byuma tayari, na mbao, na bantu makumi saba, hiyo kanisa inaweza. Mi nangoja yule ataandika ku kitabu yake kama Lwatu iko. Kanisa haina ile kitabu.

Casimir


Lwatu, 14 Februari 2024

Georgette,

Jana, jumanne, Leta ilifika.

Yule mama wako wa biro alifanya kazi, nakubali. Gari nyeupe, jipu ya serikali, bantu batatu ndani na dereva, viatu safi sana. Nilivaa kofia. Nilisimama vizuri. Mukubwa wao alishuka, akapiga picha ya muto, ya milima, ya mbuzi ya Gordien, kisha akaniuliza:

«Muzee, ile daraja yenye kuvunjika iko wapi?»

«Ni hii.»

«Lakini hii iko muzima.»

«Haiko muzima, mukubwa. Ni kiraka. Mbao ni ya kanisa, mawe ni ya Barundi. Ushuke uangalie chini, utaona vile mvua inakula ukingo.»

Aliangalia matope, akaangalia viatu yake. Hakushuka. Akasema: «Tutavuka na gari, tuone ngambo, kisha tuandike.»

Sasa hapa nakuelezea kintu sijaelezea muntu. Ile mbao mi niliipanga, najua inabeba nini. Bantu, moto, ng'ombe moja moja. Ile jipu ingefika katikati, haingepita. Na Georgette, nilifikiri. Nilifikiri: Casimir, nyamaza. Nyamaza kidogo tu, kama muda ya kunusa tumbako. Constat itafanyika yenyewe, mbele ya Leta, na gari ya Leta ndani ya maji. Maji ilikuwa ya magoti, hakuna mwenye angekufa. Kesho yake bangeleta simenti, kwa haya tu bangeleta. Miaka makumi ine na mbili nangoja ile siku, na ilikuwa pale, injini yake inanguruma, na kazi yangu ilikuwa kunyamaza.

Lakini ilikuwa jumanne. Félicité alikuwa ngambo.

Nilienda kusimama katikati ya mbao, mikono mitupu.

«Mushuke. Mupite na miguu.»

«Muzee, unajua unazuia nani?»

«Najua. Na mi niko Leta.»

Dereva alicheka. Mukubwa hakucheka. Alipiga honi yeye mwenyewe, alipitisha mukono mbele ya dereva akapiga. Sikutoka. Akatoa kichwa ku dirisha, akasema hivi njo inafanyika pahali makanisa inafundisha bantu kudharau serikali. Mi! Mi Casimir! Hapo Gordien alikuwa amefika na jembe yake, Vainqueur amefika kukagua mbao, bamama banatoka mashambani, na bote banasikia naitwa muntu wa makanisa. Vainqueur alikohoa juu ya kuficha kicheko. Nilimuona.

Baliandika juu ya jipu, ku bati ya mbele. Nikaomba anisomee, ju ni haki yangu. Akasoma: «Daraja iko, inafanya kazi. Wenyeji banaishika bao wenyewe na balikatalia ujumbe kupita. Dosie imefungwa.» Akaniambia nisaini kama shahidi. Nilimuambia sina kalamu. Ilikuwa ku mufuko ya shati, aliiona. Bakageuza gari.

Kwa hiyo nilisema kweli tangu mwanzo: mukijenga, Leta inafuta. Na wewe ulisema kweli: tusingejenga, Félicité angekatwa muguu muzima. Usiniambie nani alishinda. Na usihadisie pasta wala padri, batafurahi vibaya. Nitamuandikia yule mama wa biro, nitaandika kila mwezi, hata akizeeka pale ku kiti yake. Wewe tafuta mbao ingine, hii haitapita mvua ya mwezi ya ine. Hii si kuomba. Nakujulisha.

Félicité alirudi saa sita. Alipita juu ya mbao pole pole, na fimbo, peke yake. Sikumupa mukono, ju hakuomba. Alifika huku, akaona alama ya magurudumu ku matope, kubwa, mupya.

«Nani alikuja?»

«Bantu balipotea njia,» nikamuambia.

Akanipa kikapo yake nibebe, tukapanda nyumbani.

Yaya yako,
Casimir